Michoro Aliyoikalia Mama

Darakgol, 9 Oktoba 1983

Mdogo wangu Okhui,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua zako tatu zimefika salama, ya kwanza tangu mwezi wa Juni, nami nimekaa kimya kama mtu asiyejua kuandika, udhuru ambao mwalimu mstaafu hawezi kuutoa. Ningesema nilibanwa na mavuno, lakini shamba letu unalijua ukubwa wake.

Sisi sote hatujambo. Mama anakula vizuri na anasikia yale anayotaka kuyasikia. Wifi yako ameanza kununua pilipili za kuchachushia kabichi ya kimchi na ameshagombana na nusu ya soko. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Sikukuu ya mavuno ilipita vizuri. Watu waliuliza habari zako, nikawaambia una kazi nyingi.

Nimesoma kwamba jumba la sanaa la huko Seoul litaonyesha michoro yako mwezi wa Aprili. Hongera. Hata hivyo, sikuelewa vizuri. Wewe ni mchonga sanamu. Umetumia miaka thelathini kuchomelea vyuma visivyofanana na mtu, mnyama wala mti, na sasa wanataka kuona karatasi. Ni kama kumwalika mpishi kisha mkamwomba awaonyeshe kuni zake.

Kuhusu karatasi zenyewe, zile ulizozituma nyumbani vuli ile karakana yako ilipoingia maji: zipo. Ziko mahali pakavu, penye joto, na hufutwa vumbi kila siku. Kuzituma kwa sasa ni vigumu. Kwanza, barabara ya bondeni inatengenezwa. Pili, mvua. Sababu ya tatu nitaieleza nikipata nafasi.

Katika barua yako ya pili umeandika sentensi isiyo na kitenzi. Nilikitafuta hadi nyuma ya karatasi.

Kaka yako,
Taek


Seoul, 17 Oktoba 1983

Shikamoo Kaka,

Natumaini goti limetulia. Msalimie Mama, na umwambie wifi asinunue pilipili kwa yule bwana mwenye kofia. Huzilowesha ili ziwe nzito. Mimi mzima, ila nimeunguza kidole gumba. Paka wa karakana amenihama na sasa anakula kwa muuza samaki. Simlaumu.

Sasa tuongee. Tangu lini karatasi zikafutwa vumbi kila siku? Mimi mwenyewe sifutwi vumbi kila siku. Na hiyo sababu ya tatu ni kubwa kiasi gani hata ikose nafasi kwenye barua ya kurasa mbili?

Nikueleze kwa nini nahangaika. Bi. Pyo, anayesimamia maonyesho, alikuja kutazama vyuma vyangu, akavizunguka, akasema ghorofa ya juu ya jumba lao haitavibeba. Ndipo akauliza kama nina michoro. Nikamwambia kwamba kabla ya kila chuma huchora kwanza, nimepiga magoti, kwa wino na brashi pana kama ufagio. Vyuma vingi vimekwenda, Kaka. Vingine viko kwenye kumbi za hoteli, watu wanavitundikia makoti. Vingine vimeliwa na kutu. Mtu akitaka kujua nimefanya nini hapa duniani, jibu liko kwenye zile karatasi tu. Nina miaka hamsini na sita, na hakuna aliyewahi kunipa ukumbi mzima.

Zisipofika kabla ya mwisho wa Februari, ukumbi atapewa bwana anayechora maua ya peoni. Anayachora vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Najua nilizituma bila barua. Unajua kwa nini sikuwa nikiandika wakati ule. Tuliache hilo. Nitatuma lori tarehe tano Novemba.

Mdogo wako,
Okhui


Darakgol, 30 Oktoba 1983

Okhui,

Usitume lori.

Hatujambo. Wifi yako ameshughulika na kabichi na hasemi na mtu. Mama amekwenda kwa jirani, kwa hiyo naandika haraka, na nakuomba ukae chini kabla ya kuendelea.

Zile karatasi ulizinunua za aina gani? Nitajibu kwa niaba yako. Ulinunua karatasi nene ya mforosadi, ile yenye tabaka nyingi, ambayo tangu enzi za babu wa babu zetu ina kazi moja: kutandikwa sakafuni, joto la moto wa jikoni lipite chini yake. Sasa fikiri. Mwanamke wa bonde hili anapokea mabunda ya karatasi hiyo kutoka kwa bintiye. Yanafika vuli, wakati kila nyumba inatengeneza sakafu kabla ya baridi. Hayana barua. Utamwambia ni nini?

Nilitoka mjini jioni nikamkuta Mama amepiga magoti katikati ya chumba, mikono imejaa gundi ya unga wa ngano. Akaniambia, “Tazama mdogo wako alivyotukumbuka! Tena ameipamba kabisa.”

Alibandika chumba chake, chumba cha wageni na ukumbi mdogo wa kati. Kila vuli tangu hapo huisugua kwa mafuta ya soya, na sasa inang'aa kama asali. Wanawake wa kijiji kizima wamekuja kuigusa. Mabinti wa jirani yetu Mama Gu wako mjini Busan na hawajawahi kumtumia hata mkeka, na Mama hukumbusha jambo hilo kila anapomwalika Mama Gu kukaa. Humkalisha juu ya mchoro mkubwa kuliko yote.

Ndiyo sababu ya tatu. Nikimwambia zile karatasi zilikuwa mzigo wa kuhifadhiwa tu, nitamnyang'anya zawadi pekee anayojivunia. Nikinyamaza, nakunyang'anya wewe ukumbi. Nimefundisha watoto miaka thelathini na minane na sijawahi kukosa la kusema.

Ukijibu, andika ukurasa wa pembeni. Barua zako namsomea Mama.

Taek


Seoul, 3 Desemba 1983

Shikamoo Kaka,

(Ukurasa huu ni wako peke yako. Ule wa kijani msomee Mama. Una habari za paka.)

Umeona nimechelewa. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mkate, nikacheka mpaka watu wakanipisha mbele. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Tangu hapo nimeanza barua nyingi nikazitupa.

Ukweli ni huu. Nilichagua karatasi ya sakafu kwa sababu ni ngumu, haichaniki nikiipigia magoti, na ni rahisi kuipata. Sikumfikiria Mama hata kidogo. Nilizituma nyumbani kwa sababu paa langu lilikuwa linavuja na la kwenu halivuji. Na yeye akanitangazia sifa kijiji kizima! Sasa nikamwambie nini? “Mama, simama, hiyo si yako”?

Siwezi. Nimemwambia Bi. Pyo kwamba karatasi zimepotea. Akauliza, “Zimepoteaje?” Nikasema, “Zimepotea vizuri.” Nadhani hakuamini. Bwana wa maua ya peoni ameshakuja kupima kuta.

Nifanyie jambo moja tu. Niambie ipi iko wapi. Ile ya duara lililoachwa wazi iko upande gani? Ile mistari mitatu inayoegemeana? Nataka kujua nani anakanyaga nini.

Okhui


Darakgol, 18 Desemba 1983

Okhui,

Theluji imeanguka, tuko salama. Mitungi ya kimchi imezikwa ardhini, na wifi yako amerudi kuwa binadamu.

Barua yako imeniingiza matatani. Nilimsomea Mama ukurasa wa kijani. Akasikiliza habari za paka mpaka mwisho.

“Endelea,” akasema.

“Imekwisha, Mama.”

“Bahasha nene hivyo ni ya paka tu?”

“Okhui ana mwandiko mkubwa.”

“Tangu lini?”

Nikasema nina kikohozi, nikatoka.

Sasa taarifa uliyoiomba. Niliikagua sakafu yote kwa kutambaa, maana ukisimama huoni kitu. Duara lililoachwa wazi liko kando ya dirisha la Mama. Huweka mto wake ndani yake na anasema hapo ndipo usingizi humjia. Mistari mitatu inayoegemeana imo chumba cha wageni, na juu yake kuna kapu la mabonge ya soya yanayochacha. Lile doa kubwa jeusi limekaa mlangoni. Wageni wa mara ya kwanza huliruka, wakidhani ni shimo. Mchoro unaofanana na ngazi iliyochoka ndio kiti cha Mama Gu. Nilipokuwa nikitambaa, Mama Gu mwenyewe akaingia.

“Mwalimu, umeangusha nini?”

“Sijaangusha kitu. Nasoma.”

Bila shaka habari hiyo imeshafika mto wa pili.

Nitasema jambo moja kisha nisirudie. Ule mstari mrefu wa ukumbini, ambao miaka yote niliuona umechorwa ovyo, haukuchorwa ovyo. Niliufuata kwa kidole. Unakonda pale mkono unapochoka na unanenepa pale unapoamua kuendelea. Hilo halionekani kwa mtu aliyesimama.

Nimeona pia kwamba Mama aliubania unga wa ngano. Alibandika kingo tu. Katikati karatasi zimelala zenyewe. Mtu mwangalifu anaweza kuzibandua zikiwa nzima.

Mwisho, umemwambia Bi. Pyo kwamba zimepotea. Hazikupotea. Uongo umesemwa kwa jina la familia yetu, nami siwezi kuuacha bila kuusahihisha. Nimemwandikia, naye amejibu. Atakuja Januari.

Taek


Seoul, 27 Desemba 1983

Kaka!

Nani alikutuma? Shikamoo, hamjambo, mimi sijambo, na nani alikutuma? Nilikuomba unieleze ipi iko wapi, sikukuomba ulete wageni! Bi. Pyo husema kila kitu kinachomjia mdomoni. Atavua viatu, ataingia, na kabla hajanywa chai atamwambia Mama kwamba amekalia kazi zangu. Mvizie huko kituo cha basi. Mwambie nyumba ina surua. Wewe si hodari wa kusahihisha? Sahihisha hili!

Okhui


Darakgol, 22 Januari 1984

Mdogo wangu Okhui,

Sikumwambia tuna surua. Hakuna mwenye surua hapa. Wote wazima, na Mama ni mzima kutuzidi sote, kama utakavyoona.

Bi. Pyo alikuja Jumanne, amevaa koti zuri la sufu. Alivua viatu, akaingia chumbani kwa Mama. Kisha akapiga magoti. Kisha akalala kifudifudi, na koti lake lote.

Mama akamwambia, “Mwanangu, ni tumbo? Sogea huku, huku ndiko kwenye moto.”

“Hapana, Bibi. Natazama tu.”

“Watu hutazama wamekaa. Huyu mwanangu naye siku hizi anatambaa. Nilidhani ni maradhi yake peke yake.”

Bi. Pyo akauliza ile rangi ya asali imetokana na nini. Mama akaeleza: soya mbichi, isagwe, ifungwe kwenye kitambaa, isuguliwe mpaka mkono useme basi, kisha usiusikilize mkono. Bi. Pyo akasema amezunguka nchi nyingi na hajaona mchoraji anayeipata rangi hiyo. Mama akanigeukia, kuhakikisha kwamba nimesikia.

Nikaona nisubiri nini tena. Nikasafisha koo. “Mama, kuna jambo kuhusu karatasi hizi. Okhui alipozituma, hakuwa na nia ya...”

“Ya kunipa sakafu,” Mama akamalizia. “Kwani mimi mjinga? Mtu anayetuma sakafu huuliza kwanza chumba kina ukubwa gani. Nilikata vipande mpaka mkasi ukaniuma.”

Nikamuuliza, “Basi kwa nini uliwaambia majirani ni zawadi?”

“Majirani waliuliza. Ulitaka niwaambie watoto wangu hawasemezani?”

“Sasa kwa nini ulizibandika?”

Hapo alinijibu taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikiwajibu watoto wa darasa la kwanza. “Zingekaa zimeviringishwa, siku moja angetuma mtu azichukue. Angekuja mtu, si yeye. Sakafu haitumwi kwa mtu, Taek. Sakafu mwenyewe anaifuata. Nilibandika kingo tu. Unadhani nilikosa unga?”

Bi. Pyo alikuwa bado amelala chini. Alianza kutikisika, nikajua anacheka.

Masharti ya Mama ni haya, naye amenitaka niyaandike kama alivyoyasema. Karatasi zote atazitoa ziende Seoul. Hakuna atakayezibandua ila wewe, kwa mikono yako, ukae mpaka kazi iishe. Nyumba haiwezi kubaki na udongo mtupu, kwa hiyo utaleta karatasi mpya, utaichora na utatandika naye. Na pale Bi. Pyo atakapoandika ukutani kwamba kazi ni ya wino na mafuta ya soya, aandike pia nani alisaga soya.

Wifi yako anauliza kama bado hupendi uji wa maharage mekundu. Nilimwambia mtu hubadilika kwa miaka minne. Akasema tutaona.

Taek


Seoul, 6 Februari 1984

Shikamoo Kaka,

Heri ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Mfikishie Mama heshima zangu. Nimezichelewesha, lakini nitakuja kuinama mbele yake mwenyewe.

Barua yako niliisoma nimekaa. Kisha nikakaa zaidi. Nilikuwa nikidhani mimi ndiye niliyefanya ujanja, kuacha vitu vyangu kwenu bila neno. Kumbe nilikuwa mtoto mdogo mbele ya fundi.

Nitafika kwa treni ya tarehe ishirini. Bi. Pyo amemwambia bwana wa maua ya peoni asubiri hadi kiangazi, naye amekubali kwa upole, jambo linaloniuma tena. Ukutani wataandika majina mawili, langu na la Mama. Muulize anataka la kwake liandikwe kwa herufi gani.

Lile lililotugombanisha miaka minne iliyopita sitalitaja nikija. Na wewe usilitungie sentensi. Tupe tu kazi za kufanya.

Swali la mwisho. Bi. Pyo ananiambia chumba chako ndicho pekee kilichobaki na sakafu tupu. Karatasi zilikwisha au ulizikataa? Usijibu. Niambie tu unataka nikuchoree nini, maana karatasi nimenunua ya kutosha, na safari hii najua ni ya sakafu.

Uji wa maharage mekundu bado siupendi. Mwambie wifi nitaula.

Okhui


Darakgol, 13 Februari 1984

Mdogo wangu Okhui,

Barua yako imetufikia salama. Mama ameshaloweka soya, mapema mno, na itachacha kabla hujafika, nimemwambia, hakusikia. Jina lake anataka liandikwe kubwa ili Mama Gu aweze kulisoma bila miwani. Wifi yako ameanika magodoro yote kwenye baridi kana kwamba kinakuja kikosi cha jeshi. Goti langu linasema tarehe ishirini itakuwa kavu.

Umeniambia nisijibu, lakini swali lililoulizwa hujibiwa. Sikuzikataa. Mama alifika na gundi yake hadi mlangoni pangu, karatasi zikaisha, na mimi sikuuliza kama ipo nyingine. Hayo ndiyo maelezo kamili.

Sasa kuhusu chumba changu. Mahali pa meza usipoteze wino, meza itafunika. Nilifikiria duara, lakini duara analo Mama, na katika nyumba moja si vizuri watu wawili kulala katika kitu kilekile. Nilifikiria mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa, ambayo kila mtu ataiona kuwa inanifaa. Nilimwambia wifi yako, akacheka mpaka akaweka chini bakuli alilokuwa akiosha. Kwa hiyo nimeiacha.

Kinachobaki ni mstari mmoja mrefu kama ule wa ukumbini. Huo nautaka. Tatizo ni mahali pake. Juzi nilihamishia godoro upande wa ukuta, jana upande wa dirisha, nikijaribu kuona kama ni vyema upite chini yangu au kando yangu. Ukipita chini, sitauona ila asubuhi nikikunja matandiko. Ukipita kando, nitautazama kila nikigeuka, na kwa umri wangu nageuka mara nyingi. Wewe umeishi na vitu hivi miaka thelathini na ungeweza kunishauri, lakini sikuwahi kukuuliza, na sasa naona aibu kuanza kwa barua.

Kama treni itakufikisha kabla sijapata jibu, nitakuonyesha kwa kidole, hapohapo sakafuni. La sivyo, nikishaamua nitakuandikia.

Kaka yako,
Taek